Katuni ya hadithi: kipi kichorwe kwa mkono, kipi kwa simu. Mwongozo kamili kwa wachoraji wa Mtwara na Lindi

Swali la "karatasi au simu" huulizwa kana kwamba ukurasa wa katuni ni kazi moja. Ni kazi sita zinazofuatana: kupanga kurasa, kuandika maneno, kuchora kwa penseli, kupiga wino, kuweka vivuli na kuchapa. Kila moja inaweza kufanywa kwa mkono au kwa mashine, na hakuna sheria inayotaka zote ziende upande mmoja. Msimamo wetu ni huu: mchoraji anayeanza Mtwara, Lindi, Masasi au Kilwa, mwenye simu ya kawaida na duka moja la steshenari la kutegemea, apange, achore na kupiga wino kwa mkono, maneno na vivuli avitie kwa simu. Sababu zitaonekana hatua kwa hatua, na pale ambapo njia nyingine inashinda tutasema wazi.

Amua kwanza itasomwa wapi

Usinunue hata penseli kabla ya kujua kama msomaji atashika kijitabu au ataisoma kwenye simu. Uamuzi huu unabeba ukubwa wa karatasi, unene wa mstari na kimo cha herufi, na ukikosea hapa utarudia kazi yote.

Kijitabu kinachotengenezeka kwa urahisi kuliko vyote ni cha A5, yaani karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati. Kichore kwenye A4 nzima (milimita 210 kwa 297), kisha kipunguzwe. Mashine ya fotokopi ina kitufe cha asilimia 71, ambacho huishusha A4 kuwa A5 bila kupotosha umbo. Kupunguza huficha mitetemo midogo ya mkono, lakini pia hukondesha mistari: wa milimita 0.5 unakuwa 0.35. Kwa hiyo usipige mstari mwembamba kuliko milimita 0.3 kwenye A4. Ukishuka hadi 0.2, mashine iliyochoka itaukatakata, na uso wa mhusika utapoteza nyusi.

Acha ukingo wa milimita 15 juu, chini na upande wa nje, na milimita 20 upande wa mkunjo. Mashine nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni kabisa; huacha kama milimita 5 tupu. Fremu (kisanduku kinachobeba picha moja) iliyosogea sana pembeni italiwa, na iliyosogea sana kwenye mkunjo itamlazimisha msomaji kukipasua kijitabu ili aione.

Kwa simu, msomaji anateleza kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Skrini nyingi zina upana wa pikseli 1080, hivyo chora kwa upana wa 2160 halafu punguza nusu mwishoni. Hapa nafasi tupu kati ya fremu ndiyo saa yako: kidogo maana yake "papo hapo", kubwa maana yake "muda umepita". Tuseme hadithi inahusu Tendaguru, kule Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa leo Berlin, na kimo chake ni mita 13.27. Kwenye simu, anza na kichwa, mshushe msomaji kwenye shingo ndefu isiyoisha, bega, mguu, ndipo unyayo. Kwenye kijitabu picha hiyohiyo inataka kurasa mbili zinazotazamana, mnyama akilala kwa upana. Huwezi kuichora mara moja ikafaa pote.

Ukilazimika kutoa vyote viwili, jenga kila ukurasa kwa fremu zenye upana wa ukurasa mzima au nusu yake kamili. Hizo zinaweza kukatwa na kupangwa wima kwa ajili ya simu bila kuchora upya. Fremu za mshazari na zinazoingiliana ziache.

Kupanga ni kazi ya karatasi

Kunja A4 mara tatu, kila mara katikati ya urefu. Ukiifungua una visanduku 8, na kila kimoja kina uwiano uleule wa ukurasa wako. Karatasi mbili hutosha hadithi ya kurasa 16. Usitumie nyuma ya karatasi. Unataka kuziona kurasa zote kwa jicho moja. Hapo ndipo simu inaposhindwa: ukikuza uone ukurasa, unapoteza hadithi, ukipunguza uone hadithi, huoni ukurasa.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa inatoa kurasa nne. Kurasa 16 zinatosha kwa kazi ya kwanza. Weka fremu 4 hadi 6 kwa ukurasa. Zikizidi, A5 inajaa. Kumbuka kuwa ukurasa wenye namba shufwa hufunuliwa, haumo machoni mwa msomaji kabla hajageuza. Jambo la kushtua, kama jahazi kupasuka au mapiko, barakoa za Wamakonde, kuchomoza kwenye giza la ngoma, liweke mwanzo wa ukurasa shufwa. Ukiliweka upande wa kulia, jicho litaliona kabla ya wakati.

Watu wachore kama vijiti na duara la kichwa. Ukiisha, mpe mtu asome bila kumweleza. Akiuliza "huyu ndiye nani?", tatizo liko kwenye mpango, na ukilirekebisha sasa unafuta vijiti tu.

Maneno kabla ya picha

Kosa linaloharibu katuni nyingi za Kiswahili ni kuchora kwanza, kisha kuyabana maneno palipobaki. Maneno yetu ni marefu kwa sababu kitenzi hubeba mtendaji, wakati na mtendwa kwa pamoja. "Hawakutuambia" ina herufi 13, "wangelimsubiri" ina 14. Maputo ya maneno membamba ya wima, yale ya katuni za Kijapani, yalizaliwa kwa maandishi yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Ukiyaiga utakatakata kila neno. Puto la Kiswahili liwe pana: upana karibu mara mbili ya kimo chake.

Ukilazimika kukata neno, kata penye silabi, na afadhali kabla ya mzizi: "hawakutu-ambia". Usitenganishe kamwe herufi zinazotoa sauti pamoja: ny, sh, ch, th, dh, gh, ng', mb, nd, nj. "N-yumba" humfanya msomaji arudi nyuma. Lakini mara nyingi dawa ni kubadili sentensi yenyewe. "Hatukuambiwa" inasema jambo lilelile kwa herufi chache.

Puto moja lisizidi maneno 15. Yakizidi, gawa kwa maputo mawili yaliyoungana, la pili likiwa chini kidogo. Kwenye A4, herufi kubwa ziwe na kimo cha milimita 4.5, na nafasi kati ya mistari iwe nusu ya kimo hicho. Zikipunguzwa zitabaki milimita 3.2 hivi, na mzee mwenye miwani atazisoma. Kwa simu, kwenye faili ya upana wa 2160, kimo cha herufi kisishuke chini ya pikseli 80.

Salamu nazo zina hesabu yake. Kijana akikutana na mjomba wake ufukweni Mikindani, hawezi kuingia kwenye habari moja kwa moja. Msomaji wa pwani atamwona hana adabu, na hilo litaingia kwenye hadithi hata kama hukulikusudia. Msomaji huanza kushoto, basi kijana anayeanza kusema "Shikamoo, mjomba" asimame kushoto, na "Marahaba" iwe kulia chini kidogo, yote ndani ya fremu moja. Ukimpanga mkubwa kushoto, mikia ya maputo itakatana kama kamba za ngalawa. Usiipe salamu fremu mbili; inakula nafasi ya tukio.

Kisha ile alama ya juu kwenye ng'. Katika herufi kubwa zilizoandikwa kwa kimo kidogo hupotea, na "NG'OA" ikasomeka "NGOA", neno lenye maana nyingine kabisa. Kwa mkono, ipige nene na uipe nafasi yake. Kwa simu, kabla ya kuchagua mwandiko (fonti) wowote wa bure andika NG'AMBO, NG'OMBE, KUNG'AA. Kama alama hiyo inaonekana kama kisanduku tupu au imegeukia upande usio wake, tafuta mwandiko mwingine. Zima pia kisahihishi cha maneno kwenye kibodi ya simu, kwa sababu hubadili neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza bila kukuuliza, na hutaliona mpaka nakala 50 zimeshachapwa.

Kwa nini maneno tunayapeleka kwenye simu? Kwa sababu kosa moja la tahajia ndani ya puto lililopigwa wino linataka kiraka, na msahihishaji mzuri atakupatia makosa kumi. Kwenye simu ni sekunde. Njia yenyewe: andika maneno kwa penseli kwenye ukurasa halisi ili upate ukubwa wa puto, piga wino kwenye mzingo wa puto tu, futa maneno, yaandike kwenye programu baadaye. Ila tanakali za sauti ziandike kwa mkono daima. "Tubwi!" ya nanga kuzama, "puu!" ya mtu kuanguka toka mnazini, "pukupuku" ya mabibo kudondoka chini ya mkorosho: hizo ni sehemu ya picha, zinapinda na kukua pamoja na tendo. Zikichapwa kwa herufi za kompyuta zinakufa.

Penseli

Tumia HB kwa mkono mwepesi. Penseli ngumu kama 2H na 4H hutoboa mfereji kwenye karatasi iliyolainishwa na unyevu wa pwani, na wino huukimbilia mfereji huo. Laini kama 2B huchafua kiganja, na kiganja huchafua ukurasa.

Anza na rula: chora ukingo, kisha fremu. Acha milimita 4 kati ya fremu zilizo safu moja, na milimita 7 kati ya safu na safu. Tofauti hiyo ndiyo inayoliambia jicho liende kulia kwanza kabla ya kushuka. Ukizifanya sawa, msomaji atapotea penye fremu nne zinazokutana. Weka maputo, halafu watu, mwisho mandhari.

Mandhari yachorwe kwa kutazama. Mkorosho matawi yake hutanda chini mpaka karibu kugusa ardhi; ukiuchora kama mwembe, mtu wa Newala ataligundua hilo kabla ya kusoma neno. Jahazi lina tanga la pembe tatu kwenye foromali, mti unaoshika tanga, ndefu ya mshazari. Ngalawa ina matengo mawili pembeni. Piga picha tatu za kila kitu kwa simu, mbele, ubavuni na kwa mshazari, uziweke kwenye folda moja. Simu hapa ni bora kuliko kumbukumbu.

Wino

Karatasi: ile ya rimu ya gramu 80 yafaa kwa mazoezi na kwa fainlaina (kalamu ya wino yenye ncha nyembamba), lakini ukijaza weusi mpana kwa brashi itajikunja kama jani kavu. Kwa kurasa za mwisho tafuta karatasi ya kuchorea ya gramu 160 hadi 200, au manila nyeupe yenye uso laini. Jaribu pembeni kwanza: piga mstari, usubiri dakika moja, tazama kama umetoa vinyweleo. Ukitoa, karatasi hiyo inakunywa wino, iache.

Kalamu: fainlaina tatu zinatosha, 0.3 kwa sura na vitu vya mbali, 0.5 kwa miili, 0.8 kwa fremu na vitu vya karibu. Wino wa India, ule mweusi wa kaboni usioyeyuka ukishakauka, pamoja na brashi ndogo namba 2, hutoa weusi ambao hakuna kalamu inayoufikia. Anayependa vinyago vya Wamakonde ataelewa: kinyago cha mpingo husomeka kwa umbo lake zima la giza kabla ya macho na mdomo. Fremu nzuri nayo hivyo. Ijaze weusi mmoja mkubwa, na picha itasimama. Kalamu ya kawaida ya kuandikia iache, kwani huacha madonge na weusi wake ni kijivu kwenye fotokopi. Ya buluu ndiyo mbaya zaidi, maana mashine nyingi huiona hafifu. Maka peni hupenya nyuma ya karatasi na mzingo wake husambaa.

Fuata utaratibu huu. Mizingo ya maputo kwanza, ili usichore mkono ndani ya puto. Kisha fremu kwa rula. Ibandue rula kidogo kwa kubandika senti au vipande vya kadi chini yake, wino usiingie uvunguni. Halafu watu, kuanzia walio mbele. Mandhari yafuate kwa mstari mwembamba zaidi, kwani ndiyo njia rahisi ya kuonyesha umbali. Weusi mpana uwe wa mwisho, kwa sababu hukauka polepole. Anayetumia mkono wa kulia aanze kushoto juu; wa kushoto aanze kulia.

Weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote. Jasho na mafuta ya ngozi huacha doa lisiloonekana, na wino ukifika hapo unakataa, unajikusanya kama tone juu ya jani la mgomba. Karatasi ikishapata doa hilo, paguse kwa ufutio safi kabla ya kuendelea.

Ukikosea, usichore juu ya wino mweupe wa kufutia. Hupasuka na kumeza wino. Kata kiraka cha karatasi ileile, kibandike kwa gundi kidogo, chora juu yake. Fotokopi itaonyesha kivuli cha ukingo wa kiraka, lakini kwenye simu kinafutika mara moja. Hii ni sababu nyingine ya kuchanganya njia.

Unyevu, mvua na mchwa

Kanda ya kusini mvua zake huanza Desemba na huendelea hadi Aprili. Miezi hiyo wino unaokauka kwa dakika 5 wakati wa kusi huweza kutaka nusu saa. Usiamini macho: gusa weusi mpana kwa mgongo wa kidole. Ukiona ubaridi, bado. Kufuta penseli mapema ndiko kunakotoa michirizi ya kijivu isiyofutika. Feni ielekezwe ukutani ili hewa izunguke. Ukiielekeza kwenye ukurasa, wino wa kwenye nibu hukauka kabla haujashuka.

Kurasa zilizokamilika zilazwe bapa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ziweke juu ya meza au rafu iliyoachana na ukuta. Sakafuni ni chakula cha mchwa, na mende hupenda gundi ya viraka. Chini ya bati moja kwa moja napo si pazuri. Joto la mchana hupinda manila na kukausha fainlaina.

Kuupeleka ukurasa kwenye simu

Skana ya steshenari ikiwepo, omba nukta 600 kwa inchi (programu huandika dpi), hali ya kijivu, faili ya PNG au TIFF. Usikubali hali ya "nyeusi na nyeupe" tupu: mashine itaamua yenyewe mstari upi ni mstari, na mistari ya 0.3 itapotea. Uamuzi huo uufanye wewe baadaye. Futa kioo cha skana kwa kitambaa laini kwanza. Alama ya kidole cha mteja aliyetangulia itakuwa kwenye kurasa zako zote 16.

Bila skana, kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. A4 ikijaza picha hiyo unapata zaidi ya nukta 300 kwa inchi, na ikipunguzwa kuwa A5 inapanda kupita 400. Inatosha kabisa. Bandika ukurasa ukutani kwenye kibaraza chenye kivuli, asubuhi au alasiri, jua lisiugonge. Kama simu ina lenzi ya kukuzia, simama mbali kidogo na ukuze mara 2; bila lenzi hiyo usikuze, maana utapoteza pikseli. Ukikaribia sana, kingo hupinda kama pipa. Simu iwe sambamba na karatasi: washa mistari ya gridi ya kamera na uilinganishe na fremu zako. Zima mwako wa kamera (flashi).

Kisha fungua programu ya kuchorea: ibisPaint, MediBang Paint au, kwenye kishikwambi au kompyuta, Krita. Zote tatu zina toleo la bure. Tafuta marekebisho ya viwango vya mwanga, yenye mizani ya 0 hadi 255. Sogeza nyeupe ishuke hadi 200 hivi na nyeusi ipande hadi 70. Karatasi itatakata na wino utakaza. Nyeupe ukiishusha mno, mistari myembamba hukatika. Nyeusi ukiipandisha mno, vifuniko vya macho huungana na mboni. Kagua sura, si kuta.

Waliochora rasimu kwa penseli ya buluu hafifu wana nafuu, mradi ukurasa uchukuliwe kwa rangi, si kwa kijivu: programu yenye uwezo wa kutenganisha rangi ikikuonyesha mkondo wa buluu peke yake, mistari hiyo hutoweka na wino unabaki. Hapo hukuhitaji hata kufuta.

Vivuli

Weka tabaka jipya (layer) juu ya mchoro, ulipe hali ya "kuzidisha" (Multiply) ili mistari iendelee kuonekana chini. Tumia kijivu cha viwango viwili tu: asilimia 25 na 50. Chini ya 15 fotokopi haikioni. Juu ya 70 inakigeuza cheusi.

Jihadhari na vivuli vya nukta. Ukiweka nukta kisha ukapunguza ukurasa, nukta zako hugongana na nukta ambazo printa ya leza hutumia kutengeneza kijivu, na mawimbi ya ajabu hutokea kwenye mashavu ya wahusika. Punguza ukurasa kwanza hadi ukubwa wa mwisho, ndipo utie nukta. Au piga mistari ya kivuli kwa mkono, ambayo haina ugonjwa huo na inapendeza zaidi kwenye mawe ya matumbawe ya kuta za Kilwa Kisiwani, ambako kivuli laini cha programu huonekana kama saruji mpya.

Kama unataka kuchora yote kwa simu

Inafaa kwa katuni ya rangi itakayosomwa kwenye simu tu, kwa anayetoa kazi kila wiki, na kwa anayeishi mbali na duka la karatasi. Kidole peke yake hakitoshi. Kinaficha pale unapochora. Kalamu ya skrini yenye ncha ya mpira ni nafuu lakini haijui mgandamizo, hivyo mistari yote hutoka unene mmoja. Kibao cha kuchorea kisicho na skrini, kama vya Huion, Wacom au XP-Pen, kinahisi mgandamizo, na baadhi hukubali simu kwa waya wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu. Hakikisha simu yako imetajwa kwenye orodha ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Kishikwambi chenye kalamu yake ndicho kinachokaribia karatasi. Kwa programu, Procreate ni ya iPad (ya iPhone ni Procreate Pocket), haipo kwa Android; Clip Studio Paint hulipiwa kwa mwezi au mwaka kwenye simu.

Ukubwa: fungua A5 kwa dpi 600, yaani pikseli 3496 kwa 4960. Kila tabaka lililojaa hapo hula karibu MB 69 za kumbukumbu. Mtu anayefungua A4 kwa dpi 600 anatumia MB 139 kwa tabaka, na simu yenye RAM ya GB 3 itaifunga programu katikati ya mstari. Kaa kwenye matabaka sita: rasimu (uifanye hafifu, asilimia 25), wino, weusi, vivuli, maputo, maneno. Yape majina. Tabaka lisilo na jina ndilo utakalolichorea bila kujua.

Kituliza mkono (stabilizer), sehemu ya programu inayoondoa mitetemo ya mstari, kiweke kati ya 5 na 10 kama mizani yake inaishia 10 au zaidi; kikizidi, mstari unachelewa na pembe zinakuwa mviringo. Usikuze kupita asilimia 200. Anayekuza hadi 800 anachora kope ambazo kwenye A5 hazitaonekana, na jioni inakuta fremu moja imeisha. Kila nusu saa rudisha ukurasa uwe mdogo kama kiganja. Kama husomi nani anafanya nini, kosa liko kwenye maumbo.

Jasho husumbua skrini pia. Kata soksi ya pamba, vaa ifunike kidole kidogo na cha pete; kiganja kitateleza na skrini haitahisi mguso wa uongo. Usichore juani: mwanga ukiwa juu kabisa simu huchemka, hupunguza kasi yenyewe, na betri huisha kabla ya ukurasa. Simu ikizimika ghafla kazi isiyohifadhiwa imekwenda, basi hifadhi kila ukimaliza fremu, na kila jioni nakili faili kwenye kadi ya kumbukumbu na mahali pengine nje ya simu. Karatasi ikilowa unapoteza ukurasa; simu ikiibiwa unapoteza kitabu.

Faili za simu zitume kama hati kwenye WhatsApp. Ukizituma kama picha zitabanwa, na maneno yatapata ukungu pembeni.

Kuchapa na kufunga

Tengeneza PDF moja ya kurasa za A4 zilizolala, kila upande ukibeba kurasa mbili za A5. Kwa kurasa 16 mpangilio ni huu, namba ya kwanza ikiwa kushoto:

- Karatasi ya 1: nje 16 na 1, ndani 2 na 15
- Karatasi ya 2: nje 14 na 3, ndani 4 na 13
- Karatasi ya 3: nje 12 na 5, ndani 6 na 11
- Karatasi ya 4: nje 10 na 7, ndani 8 na 9

Kila jozi inajumlisha 17; isipofika hapo umekosea. Mwambie mchapaji mambo mawili kwa maneno hayahaya: chapa kwa ukubwa halisi, asilimia 100, na pande mbili kwa kupindua upande mfupi. Akipindua upande mrefu, nusu ya kurasa zitakuwa kichwa chini. Akiacha printa "itoshelezee karatasi" yenyewe, kingo zako zitahama. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize nyingine.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, kwani uko karibu sentimita 15 kutoka ukingoni. Ifungue, laza kijitabu kikiwa wazi juu ya ndala kuukuu, uso wa nje ukitazama juu, gonga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, sentimita 5 kutoka juu na 5 kutoka chini, halafu kibandue na ukunje miguu ya pini kwa ndani kwa mgongo wa kijiko. Uzi wa kushonea nao unafaa: toboa matundu matatu, ingia la katikati kutoka ndani, pita la juu, ruka hadi la chini, rudi katikati, funga. Vijitabu vipange kumi kumi, mikunjo ikipishana, na uvilaze chini ya matofali usiku mmoja kabla ya kuvipeleka dukani.